Urithi wa Jina na Urithi wa Damu: Bujumbura na Kosa la Karne Moja

Mji wa Bujumbura umekaa kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika uwanda wa Imbo ulio mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashariki yake ardhi inapanda ghafla kwa miteremko ya Mumirwa hadi kufikia milima ya Mugamba inayozidi mita 2,000. Wajerumani walijenga hapo kituo cha kijeshi mwishoni mwa karne ya 19 wakakiita Usumbura, Wabelgiji wakakiteka mwaka 1916, na baada ya Jumuiya ya Mataifa kuwakabidhi Rwanda na Burundi chini ya jina moja la Ruanda-Urundi, Usumbura ukawa makao makuu ya utawala wa nchi zote mbili hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Katika ofisi za mji huo ziliandikwa ripoti, hesabu na maagizo yaliyochukua jambo ambalo Warundi walikuwa wakirithishana kwa jina la baba, yaani kuwa Mhutu, Mtutsi, Mtwa au Mganwa, yakalifanya kuwa jambo la mwili na damu. Historia ya kosa hilo ni sehemu ya historia ya elimu ya urithi, ile sayansi inayochunguza jinsi sifa za viumbe zinavyopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, na haieleweki vizuri mpaka zitenganishwe aina mbili za urithi ambazo kwa muda wa karne nzima zimesemwa kana kwamba ni moja.

Urithi wa kwanza ni wa mila. Katika ufalme wa Burundi mtoto alizaliwa ndani ya ukoo wa baba yake, akachukua ubwoko wa baba huyo, yaani kuhesabiwa kuwa Mhutu, Mtutsi, Mtwa au Mganwa, na nasaba ya mama, hata kama mama alitoka upande mwingine kabisa, haikubadilisha chochote katika hesabu hiyo. Watu wote walisema Kirundi kimoja, waliishi kwa kuchanganyikana kwenye vilima vilevile, walimtambua Mwami, yaani mfalme, mmoja, na mashauri yao yaliamuliwa na bashingantahe, wazee wa haki waliochaguliwa kwa busara yao miongoni mwa Wahutu na Watutsi pia. Watutsi wenyewe waligawanyika katika Wahima na Wanyaruguru ambao hawakuhesabiana kuwa sawa, na juu ya wote walikuwako Waganwa, wazao wa wafalme, ambao hawakuwekwa katika kundi la Wahutu wala la Watutsi. Jambo moja katika mpangilio huo linastahili kuangaliwa kwa karibu: wazao wa wafalme wa zamani sana walipoteza daraja yao kadiri vizazi vilivyopita, wakaitwa abafasoni, na nafasi zao zikachukuliwa na watoto wa mfalme wa karibu zaidi. Damu yao haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni umbali wao na kiti cha enzi. Vivyo hivyo familia ya Kihutu iliyopata ng'ombe wengi na cheo iliweza, baada ya muda, kuhesabiwa kuwa ya Kitutsi, njia iliyoitwa kwihutura. Mila ilikuwa kali, na haikuwa ya usawa, lakini ilijua kwamba inashughulika na daraja, mali na utii.

Wageni walioifikia nchi hiyo walikuja na maelezo yao tayari. Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, alidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa jamii ya wageni kutoka Uhabeshi waliowashinda wenyeji weusi, na dai hilo, ambalo baadaye liliitwa nadharia ya Wahamiti kwa kumtaja Hamu wa Biblia, lilisimama juu ya kutazama nyuso na urefu wa watu, bila ushahidi mwingine wowote. Oscar Baumann alipita Burundi mwaka 1892 akiwa na mawazo ya namna hiyohiyo, na Wajerumani walipomlazimisha Mwami Mwezi Gisabo kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903 walikuwa wameshaamua ni nani aliyezaliwa kutawala. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Kijerumani wa Afrika ya Kati ulimleta katika eneo la Rwanda na Kivu mtaalamu wa vipimo vya mwili, Mpoland Jan Czekanowski, aliyepima watu kwa maelfu na kukusanya mafuvu ya wafu yaliyopelekwa Berlin. Zaidi ya mafuvu 1,100 kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi yao ya Rwanda, yalikaa katika makabati ya Berlin kwa zaidi ya karne moja, na ilipofika mwaka 2023 ndipo watafiti wa huko walipotangaza kwamba kipimo cha vinasaba kimeyakutanisha baadhi ya mafuvu ya Wachaga na jamaa zao walio hai nchini Tanzania. Mifupa iliyochukuliwa ili kuthibitisha tofauti za mbari hatimaye ilijibu swali ambalo inaweza kulijibu kweli, nalo ni swali la marehemu huyu ni jamaa wa nani.

Wabelgiji waliyapokea maelezo ya Wajerumani na kuyageuza kuwa utawala. Kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, na katika miaka iliyofuata maeneo ya machifu yalipunguzwa na kupangwa upya, huku wakuu wa Usumbura wakiamini kwamba Waganwa na Watutsi wamerithi uwezo wa kuongoza na Wahutu wamerithi uwezo wa kulima. Matokeo yanaonekana katika hesabu moja. Mwaka 1929 takriban chifu mmoja kati ya watano nchini Burundi alikuwa Mhutu. Mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Shule ya Astrida iliyo kusini mwa Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya mabruda wa Kikatoliki, ilipata kuwa mahali pa kuwaandaa makarani na wasaidizi wa utawala, na wengi wa wanafunzi wake walitoka katika familia ambazo nadharia ilikuwa imezichagua. Hivyo nadharia ilijizalia ushahidi wake yenyewe: waliopewa shule na cheo walionekana kuwa na akili ya utawala, na ambao hawakupewa walionekana kukosa akili hiyo tangu kuzaliwa.

Haifai kuwatetea watawala hao kwa kusema kwamba zama zao hazikujua. Elimu ya urithi ilikuwa imeshapatikana. Mtawa Gregor Mendel wa mji wa Brno alikuwa ameeleza matokeo ya majaribio yake ya mbaazi za bustani mwaka 1865, akayachapisha mwaka uliofuata, na ingawa kazi yake ilisahauliwa, mwaka 1900 iliibuliwa upya na wataalamu watatu wa mimea, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak. Kabla ya Mendel wengi waliamini kwamba damu za wazazi wawili huchanganyika ndani ya mtoto kama maziwa yanavyochanganyika na chai, zisiweze tena kutenganishwa. Mendel alionyesha kinyume chake. Alipozalisha mbaazi za maua ya zambarau na za maua meupe, kizazi cha kwanza chote kilitoa maua ya zambarau, lakini katika kizazi cha pili maua meupe yalirudi kamili, mmea mmoja katika kila minne. Kwa hiyo kinachorithiwa ni vijisehemu visivyoyeyuka, ambavyo leo huitwa jeni. Kila mtu anazo jeni kwa jozi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na anapozaa hutoa moja tu ya kila jozi bila mpango wowote isipokuwa bahati. Jeni inayojionyesha hata ikiwa peke yake huitwa jeni tawala, na ile isiyojionyesha mpaka ikutane na mwenzake huitwa jeni fifi, nayo inaweza kupita kimya vizazi vingi kabla ya kutokeza.

Katika maelezo hayo hakuna nafasi ya ukoo wa baba peke yake. Mbegu ya mama na ya baba zina uzito sawa, na kwa kawaida kila sifa husafiri kwa njia yake bila kuifuata nyingine, kwa hiyo umbo la pua halibebi pamoja nalo akili wala tabia. Zaidi ya hapo, sifa ambazo wapimaji walizipenda hazirithiwi kwa jeni moja moja. Mwaka 1918 Mwingereza Ronald Fisher alionyesha kwa hesabu kwamba urefu wa mtu unaweza kutokana na jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo tu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusisha watu zaidi ya milioni 5, ulitaja sehemu 12,111 za vinasaba zinazohusiana na urefu. Sifa ya namna hiyo haina mpaka. Watu hupangika kutoka mfupi hadi mrefu kwa mfululizo usiokatika, na pale ambapo wastani wa makundi mawili unatofautiana kwa sentimita kadhaa, watu wa makundi hayo huingiliana kiasi kwamba kimo cha mtu mmoja hakimwambii mpimaji chochote cha uhakika kuhusu kundi lake. Chakula cha utotoni, na hasa maziwa, pamoja na magonjwa, huongeza au kupunguza kimo hichohicho.

Aliyefika mbali zaidi katika jambo hili kwa upande wa Ruanda-Urundi alikuwa Mbelgiji Jean Hiernaux, daktari na mwanaanthropolojia ambaye mwaka 1954 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu maumbo ya mwili ya wakazi wa Rwanda na Burundi. Alitumia vifaa vilevile vya watangulizi wake: ubao wa kupimia kimo, na koleo la chuma ambalo ncha zake mbili huwekwa kwenye pande za fuvu au za pua ili upana usomwe kwa milimita. Alipata tofauti za wastani, na hakuzificha. Lakini kadiri alivyozidi kuzichunguza ndivyo alivyozidi kuona kwamba takwimu zake haziwezi kubeba neno mbari, na mwaka 1963 alichapisha makala juu ya sehemu ya urithi na sehemu ya mazingira katika umbo la binadamu. Mwaka 1964 UNESCO ilipowakutanisha wataalamu wa biolojia mjini Moscow kujadili suala la mbari, Hiernaux ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kisayansi wa mkutano huo. Inasikitisha kwamba safari yake ya mawazo haikuwafikia watu waliokuwa wamepimwa. Vipimo vilifika darasani na ofisini mapema, masahihisho yalibaki katika majarida ya Ulaya.

Hata bila maabara, hesabu rahisi ingetosha kuonyesha umbali uliopo kati ya urithi wa jina na urithi wa damu. Mtoto aliyezaliwa Bujumbura mwaka 2000 ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na nyuma yao wanane, kisha 16, kisha 32, na kila hatua inarudi nyuma miaka 25 hivi. Katika hatua ya nane nafasi za wahenga wake zimefika 256, na wakati umerudi hadi karibu mwaka 1800, mwanzoni mwa utawala wa Mwami Ntare Rugamba aliyeupanua ufalme. Kati ya nafasi hizo 256, ni moja tu inayompa mtoto huyo ubwoko wake: baba wa baba wa baba, bila kupita kwa mwanamke hata mara moja. Nafasi 255 zilizobaki, zenye mabibi wote na mababu wa upande wa mama, na mababu wa upande wa baba waliopitia kwa bibi, hazina sauti katika jina, ingawa ndizo zilizompa karibu kila kitu alichonacho mwilini. Baadhi ya nafasi hizo zimekaliwa na mtu yuleyule zaidi ya mara moja, kwa kuwa majirani wa vilima jirani walioana na kurudi kuoana, na jambo hilo linazidi kuwaunganisha wenyeji badala ya kuwatenga. Ikumbukwe pia kwamba vinasaba hukatwa na kupangwa upya kila kizazi, hivi kwamba miongoni mwa wahenga wa mbali wapo ambao hawakuacha hata kipande kimoja katika mwili wa mtoto wa leo, na ikiwa mtoto huyo ni wa kike, hata huyo aliyempa jina anaweza kuwa mmoja wao.

Ipo sehemu moja tu ya vinasaba inayosafiri kwa njia ileile ya ubwoko. Hiyo ni kromosomu Y. Kromosomu ni nyuzi zilizomo ndani ya seli ambazo jeni zimepangwa juu yake, na ile inayoitwa Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume bila kuchanganyika na ya mama, huku binti akikosa kabisa. Kama wakuu wa Usumbura wangekuwa sahihi, na Watutsi wangekuwa wazao wa mababa wageni na Wahutu wazao wa mababa wenyeji, basi tofauti kubwa ingeonekana hapo kuliko mahali pengine popote, maana mila ya kurithi kwa baba ingekuwa imezilinda nasaba hizo zisichanganyike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliotumia sampuli za wanaume wa Rwanda, ulikuta kwamba takriban asilimia 80 ya Wahutu na takriban asilimia 80 ya Watutsi walikuwa katika tawi moja kubwa la kromosomu Y, lile lililoenea Afrika pamoja na wakulima wasemao lugha za Kibantu. Zilikuwako tofauti katika matawi madogo yaliyobaki, na hazina haja ya kukanushwa, lakini nadharia ya mababa wawili wasiohusiana haiwezi kusimama juu ya matokeo hayo.

Mfano ulio bora zaidi wa urithi wa kweli wa damu katika nchi hizi hauhusiani na sura ya mtu. Ni selimundu, ambao wengi huujua kwa jina la sikoseli. Seli nyekundu za damu zimejaa hemoglobini, protini inayobeba hewa ya oksijeni, na katika jeni inayoelekeza utengenezaji wa protini hiyo herufi moja ikibadilika, hemoglobini inakuwa ya aina inayoitwa S. Mtu aliyerithi S kutoka kwa mzazi mmoja na hemoglobini ya kawaida, A, kutoka kwa mwingine ana hali ya AS, na kwa kawaida huishi bila kujua. Aliyerithi S kutoka kwa wazazi wote wawili ana SS: seli zake hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, huvunjika mapema, naye huishi na maumivu ya viungo, upungufu wa damu na hatari ya kufa akiwa mdogo. Uchunguzi wa miaka ya 1940 na 1950 ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ulifanyika hata chini ya mti: tone la damu kutoka kidoleni liliwekwa juu ya kioo, likachanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, likafunikwa kwa kioo chembamba, na baada ya muda mfupi, kupitia darubini, seli za mviringo za mwenye S zilionekana zikichongoka ncha mbili.

Madaktari wa makoloni walikiona kipimo hicho kuwa koleo jipya la kuainishia makabila. Wawili wao, Lehmann na Raper, walichapisha mwaka 1949 mgawanyo wa hali hiyo nchini Uganda wakitafuta maana yake ya kikabila, na miongoni mwa Waamba wa magharibi ya nchi hiyo walikuta idadi iliyofika asilimia 45. Hiernaux naye aliandika mwaka 1952 kuhusu urithi wa selimundu na manufaa yake kwa anthropolojia ya Afrika. Aliyeligeuza swali alikuwa Anthony Allison, kijana aliyekulia katika shamba karibu na Gilgil nchini Kenya. Mwaka 1949 aliona kwamba hali ya AS ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ilikuwa haba katika nyanda za juu, bila kujali lugha ya watu waliopimwa. Mwaka 1954 alitoa maelezo: karibu na Kampala alipima watoto 290, akakuta vimelea vya malaria katika 12 kati ya 43 wenye hali ya AS, na katika 113 kati ya 247 wasiokuwa nayo. Nusu ya urithi huo ilikuwa kinga. Pale ambapo malaria kali iliua watoto wengi, wenye AS walibaki na kuzaa, na jeni ambayo ikikutana na mwenzake huua ilidumishwa na mbu.

Kwa maelezo hayo ramani ya Burundi inasomeka upya. Mbu wa malaria hustawi kwenye joto la Imbo, kando ya ziwa na kwenye madimbwi ya bonde la Mto Rusizi, na hupungua kadiri mtu anavyopanda Mumirwa kwenda kwenye baridi ya Mugamba, ingawa mlipuko wa mwaka 2000 na 2001 katika mikoa ya Kayanza, Ngozi na Karuzi ulionyesha jinsi ugonjwa huo unavyoweza kuwateketeza watu wa juu ambao hawakuuzoea. Wingi wa jeni ya S katika eneo zima la maziwa makuu unafuata mwinuko, joto na historia ya uhamaji. Utafiti wa Léon Mutesa na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, uliopima damu ya watoto wachanga 1,825 wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ulikuta asilimia chache tu wenye kubeba jeni hiyo, kiasi kidogo mno ukilinganisha na mabonde ya Uganda magharibi. Ikiwa wastani wa kundi moja unatofautiana na wa jingine, sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni mahali wahenga walipolala usiku bila chandarua, na wala si cheo walichokuwa nacho kwa Mwami.

Maziwa ya ng'ombe yanatoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, lakini katika jamii za wafugaji uwezo huo hubaki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 chini ya Sarah Tishkoff, kwa kupima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba mabadiliko ya vinasaba yanayoudumisha yalitokea Afrika Mashariki yenyewe na kuenea katika miaka elfu chache iliyopita. Kazi ya ufugaji ilitangulia, mwili ukafuata.

Katika mji wenyewe wa Usumbura kulikuwa na watu ambao hawakuingia katika jedwali la wakoloni la Wahutu, Watutsi na Watwa. Waislamu wasemao Kiswahili, wenye asili ya Ujiji, Manyema, Uvira, pwani na vilima vya Burundi yenyewe, waliwekwa katika kitongoji chao ambacho leo ni mtaa wa Buyenzi, jirani na Bwiza uliojulikana kama Belge, na huko mtu alikuwa Mswahili kwa dini, lugha, ujirani na ndoa, hata kama baba yake alishuka kutoka Muramvya au kuvuka ziwa. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA, alipata wafuasi wake wa mwanzo wenye nguvu miongoni mwa watu hao. Yeye mwenyewe alikuwa Mganwa, mtoto wa Mwami Mwambutsa, na mwaka 1959 alimwoa mwanamke wa Kihutu. Aliuawa mjini Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961, majuma machache baada ya chama chake kushinda uchaguzi wa Septemba, na kifo chake kilimwondoa kiongozi ambaye siasa na nyumba yake vyote viwili vilikataa jedwali hilo.

Kilichofuata kinajulikana, na hakipaswi kuandikwa haraka kana kwamba ni mwendelezo wa kawaida. Mwaka 1972, baada ya waasi wa Kihutu kuwashambulia na kuwaua Watutsi kusini mwa nchi na kando ya ziwa kuanzia tarehe 29 Aprili, jeshi na vijana wa chama tawala waliwasaka Wahutu, hasa wasomi, wakiwatoa madarasani, ofisini na katika Chuo Kikuu cha Bujumbura. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu laki moja na laki tatu. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mauaji yaliwakumba Watutsi na Wahutu kwa zamu, na mji ukakatika vipande, Kamenge na Kinama zikibaki na Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikibaki na Watutsi. Kwenye vizuizi vya barabarani watu walihukumiwa kwa pua na kimo, na miongoni mwa waliohukumiwa walikuwamo watoto wa ndoa za mchanganyiko, ambao Warundi huwaita Hutsi, wakikataliwa na pande zote mbili. Koleo la mpimaji lilikuwa limetoka mikononi mwa mtaalamu aliyejifunza kulitilia shaka, likaingia katika jicho la mtu mwenye panga ambaye hakulitilia shaka hata kidogo.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 na katiba ya mwaka 2005 vilichukua njia ya kuyatambua makundi waziwazi: viti vya Bunge viligawanywa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na viti vitatu vikatengwa kwa Watwa. Katiba ya mwaka 2018 iliipa Seneti kazi ya kutathmini, ndani ya miaka mitano, kama mgawo huo uendelee. Mjadala huo ni halali, na una sababu nzito za pande zote, kwa kuwa unahusu hofu, kumbukumbu na ulinzi wa wachache. Ila hauhusu damu, na asilimia 85, 14 na 1 zinazorudiwa kila mara kuhusu idadi ya Wahutu, Watutsi na Watwa ni makadirio yenye mizizi katika hesabu za wakoloni.

Mahali ambapo damu inahusika kweli ni kwingine, na panahitaji kutangazwa zaidi katika shule, misikiti, makanisa na vituo vya afya vya Bujumbura. Watu wawili wenye hali ya AS wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa mtoto mwenye selimundu, nusu wa mtoto mwenye AS kama wao, na robo wa mtoto asiye na jeni hiyo, na hesabu hiyo huanza upya kila mimba bila kukumbuka iliyotangulia. Jina la baba halitabiri jambo hilo. Kipimo cha damu hulionyesha. Vijana wanaochumbiana, na wazazi wanaouliza kuhusu ukoo wa mchumba kabla ya kupokea mahari, wapeleke swali lao maabara.